Tusiitupe DSM-5 kwa pupa

Mhariri,

Wanaoibeza DSM-5, mwongozo wa magonjwa ya akili uliotolewa Marekani mwaka 2013, wana hoja. Sonona huthibitishwa kwa dalili zisizopungua 5 kati ya 9 ndani ya wiki 2. Hivyo wagonjwa wawili waweza kupewa jina moja ilhali wanalingana kwa dalili moja tu, tena hiyo ikiwa ni usingizi, mmoja hukesha na mwenziwe hulala kutwa. Hata hivyo, mfumo wa RDoC wa NIMH, taasisi ya taifa ya afya ya akili ya Marekani, ambao hutajwa kama mbadala wake na unaochunguza hofu, kumbukumbu na mitandao ya ubongo, ni chombo cha watafiti, wala haukuundwa kumwongoza daktari mwenye foleni mlangoni katika kuamua tiba.

Msomaji wako,
Morogoro