Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Mvule Katika Bustani na Mitaa Yetu

Ndugu Wanachama,

Kwa mujibu wa katiba ya chama chetu cha wenye vitalu na watengeneza bustani wa Tanga na Muheza, ninawasilisha mbele yenu taarifa ya mwaka. Hesabu za fedha mmekwisha kugawiwa, na Mweka Hazina atazieleza mwenyewe. Muda wangu nitautumia kwa jambo lililotawala vikao vya kamati, nalo ni upandaji wa mvule.

Mkutano uliopita uliazimia tupunguze kutegemea miti ya kigeni. Apitaye mitaani mwetu hukutana na mwashoki na mwarobaini wa Bara Hindi, mkrismasi wa Bukini na mjohoro wa kusini-mashariki mwa Asia, huku miti ya misitu ya Usambara Mashariki, ambayo kutoka Muheza milima yake inaonekana kwa macho, wateja wetu wakiijua kwa mbao tu. Kamati ilianza na mvule kwa sababu unastawi nyanda za chini, haudai unyevu wa mlimani kama mtambara, na hakuna mtu wa pwani asiyeufahamu, walau kwa milango na samani.

Ugumu ulianzia kitaluni. Mche wa mvule ukiachwa kwenye jua kali hushambuliwa na mdudu mdogo mfyonza utomvu, ambaye wataalamu humwita Phytolyma. Hutaga mayai kwenye machipukizi, tunutu wake hujipenyeza ndani, na chipukizi lote huvimba likawa nundu ya kijani. Wadudu wakishakomaa nundu hupasuka, kuvu huingia, na ncha ya mche hukauka. Mche huchipua upya pembeni, nako hushambuliwa, hata mti uliotarajiwa kunyooka ukaishia kuwa kichaka. Kupuliza dawa hakusaidii sana, kwa kuwa tunutu wamejificha ndani ya nundu, na baadhi yetu tulitumia fedha nyingi kabla ya kukubali hivyo. Wanachama waliokuza miche yao chini ya migomba na miti mingine walipata miche mizuri zaidi, jambo linalolingana na matokeo ya watafiti wa Afrika Magharibi; wale wa Kumasi, Ghana, wamekwenda mbele hadi kuchagua mimea inayomstahimili mdudu huyu. Kamati inashauri, basi, kwamba hata baada ya kupandikizwa, mvule uwe na miti ya kuutilia kivuli katika miaka yake ya mwanzo.

Upande wa mandhari, naomba tuwe wakweli kwa wateja. Mvule uliokomaa huweza kufika mita 50, na shina lake hupanda mbali kabla ya tawi la kwanza. Hauna nafasi katika kiwanja cha mita 20 kwa 20, na anayeuuza kwa ajili ya kiwanja hicho anamwachia mjukuu wa mteja kesi na jirani. Mahali pake ni viwanja vya shule na hospitali, kingo za barabara pana, na mashamba ya hoteli. Isitoshe, kuna mvule dume na mvule jike. Jike huzaa matunda ya kijani yenye makunyanzi kidogo, marefu kama kidole, ambayo popo huyafuata usiku na kuyamwaga popote; hilo ni jema msituni, ila si juu ya maegesho ya magari. Jinsia haijulikani mche ukiwa mdogo, hivyo anayetaka dume ni afadhali aoteshe vipande vya mizizi ya mti ambao maua yake yamekwisha kuonekana.

Ombi la mwanachama mmoja kwamba tuongeze msizi, kwa kuwa hukua haraka, kamati haikulikubali. Msizi ni wa asili kwa wenzetu wa Bukoba na Uganda, lakini ulipoletwa Amani, kwenye mlima wa Usambara Mashariki, ulienea msituni kwa msaada wa hondohondo wanaobeba mbegu zake, na hadi leo unasumbua miti ya pale. Sisi tulio chini ya mlima huo hatuna udhuru wa kuurudia mkasa huu.

Kazi ninayoiona kuwa bora kuliko zote mwaka huu haikuhusu mche hata mmoja. Mteja mmoja alitaka vitofali vya pevingi visukumwe hadi kwenye shina la mvule mkongwe, na kifusi kijazwe juu ya mizizi ili uwanja uwe sawa. Mafundi wetu walimweleza kwamba mizizi ikifukiwa hukosa hewa na mti hufa polepole, wakamchorea duara pana la udongo wazi lililozungushiwa mawe, naye akaridhia.

Kamati inaleta mapendekezo mawili yapigiwe kura: kwamba mwanachama asiuze mche wa mvule kabla ya kuuliza ukubwa wa kiwanja, na kwamba mchoro wowote wa bustani uonyeshe kwanza miti iliyokwisha kuwapo.

Naomba kuwasilisha.