Ile fomu uliyonipa nitie sahihi

Ngomeni, Septemba 2025

Mwanangu,

Assalaam alaikum. Simu mmekatazwa shuleni, basi nimeshika kalamu. Paipu aliyokupa kondakta isitupwe, ni ya kubebea hiyo picha yako ya mashindano mpaka Nairobi. Nimeikata kwenye kile kipande kilichobaki tulipofunga simtanki, nikasugua kingo kwa msasa zisikwaruze karatasi. Vifuniko ni kandambili za kaka yako, ile pea iliyokatika kamba. Mpira wake unabana vizuri. Nimeitumbukiza kwenye ndoo usiku kucha na asubuhi ndani mlikuwa makavu.

Sasa nijibu hili kabla ya mengine yote. Ile fomu uliyonipa nitie sahihi siku mnarudi shule, pale chini iliandikwa nini?

Niliitia sahihi juu ya kiti cha tuktuk, abiria wawili wamekaa nyuma wananung'unika, na wewe unanionyesha kwa kidole, "hapa, baba, na hapa." Nikatia hapa na hapa. Juzi nimembeba mwalimu mmoja kumpeleka sokoni, nikajisifia habari zako, akaniambia fomu nyingi za mashindano ya kuchora huwa na mstari unaosema kazi ikishapokelewa ni mali ya waandaaji. Wanaweza kuichapa kwenye kalenda au kwenye fulana, na hairudi kwa mwenyewe. Tangu siku hiyo usingizi wangu umekuwa wa vipande vipande. Mama yako ananicheka, anasema karatasi ni karatasi, mtoto atachora nyingine. Anaweza kucheka, hakuwepo siku ile ya karatasi ya shamba. Hapana, alikuwepo. Habari hiyo unaijua, na alama ya dole gumba la marehemu babu yako kwenye karatasi hiyo umeiona kwa macho yako, sirudii.

Usidhani nakukataza kwenda Nairobi. Nimefurahi kuliko nilivyoonyesha siku ile. Nilimwambia muuza petroli peke yake, na kufikia alasiri bandari nzima ilikuwa inajua, hata wale wanaonidai wamenipa mkono wa pongezi kwanza ndipo wakadai. Ila ningependa habari hizo ningezisikia kwako, si kwa kaka yako. Barua yako ya mwisho ilikuwa na mistari minne, na mitatu ilikuwa ya karo.

Picha nimeiona kwenye simu ya kaka yako, ile aliyoipiga siku ya wazazi. Ina giza upande mmoja na kidole chake kimeziba pembe. Mmeambiwa mchore binadamu wakiishi angani, na mwalimu alimwambia kaka yako kwamba wenzako karibu wote wamechora roketi na watu wenye mavazi meupe. Wewe umejenga nyumba za matumbawe juu ya udongo mwekundu wa Mirihi, ukaweka mlango wa nakshi, na barazani mwanamke amekaa anasuka ukili na kofia ya kioo kichwani. Bibi yako amecheka mpaka akapaliwa. Halafu akauliza ukili ameupata wapi na huko hakuna mkindu. Mjibu mwenyewe.

Na lile jahazi linaloshuka kutoka mawinguni nimelikuza mpaka likawa vumbi. Mwanangu, demani, ile kamba ya nyuma ya kuzuia tanga, haikufungwa. Foromali, mti wa tanga, iko mahali pake, joshi, kamba ya mbele, umeipatia, lakini demani imeishia hewani kama uzi wa tiara. Wewe, mtoto wa Ngomeni! Majaji wa Nairobi hawataona, lakini mvuvi yeyote hapa ataona kabla hajaona Mirihi. Najua utaniambia huko hakuna kusi wala kaskazi, na kwamba Wajapani mwaka 2010 walirusha chombo chao IKAROS chenye tanga linalosukumwa na mwanga wa jua. Sawa. Tanga lisukumwe na mwanga au lisukumwe na upepo, lisipokuwa na demani litapigapiga tu. Ifunge. Bado kuna siku chache, kama hiyo fomu inakuruhusu kuigusa tena picha yako.

Unaona nimerudi palepale.

Asubuhi nikipita ufukweni naiangalia ile minara ya Waitaliano ya kurushia satelaiti, kule baharini. Habari za babu yako kusugua kutu pale kwa brashi unazo. Lakini hili sijakusimulia. Desemba 12, 1970, ile satelaiti iliyorushwa pale ilipewa jina Uhuru, kwa kuwa siku hiyo Kenya ilikuwa inatimiza miaka 7. Ilikuwa ya kwanza duniani kupelekwa juu kwa kazi moja tu, kutafuta eksirei zinazotoka kwenye nyota, na iliona vyanzo zaidi ya 300. Satelaiti ya Marekani, roketi ya Marekani, minara ya Italia, jina letu. Babu yako aliliringia jina hilo mpaka anaingia kaburini. Siku moja, nikiwa mdogo kuliko wewe, nilimuuliza sisi tulibaki na nini. Akaniambia nikateke maji.

Hiyo wiki ya anga duniani mnayoiadhimisha kwa mashindano hayo inaanza Oktoba 4 kwa sababu ya Sputnik, satelaiti ya kwanza kabisa, iliyorushwa mwaka 1957, na inaisha Oktoba 10 kwa sababu ya mkataba wa anga ulioanza kufanya kazi mwaka 1967. Ndani yake mataifa yamekubaliana kwamba hakuna nchi itakayoufanya mwezi kuwa mali yake. Mwezi wenyewe, ambao hakuna anayeweza kuutia mfukoni, wameuandikia karatasi. Mimi nilipewa ukurasa mmoja nikashindwa kuusoma kwa ajili ya abiria wa shilingi mia.

Basi fanya hivi. Mwombe mwalimu wa sanaa akuonyeshe fomu, uisome yote, na maandishi madogo usiyaruke. Penye neno usilolielewa uliza, usione haya. Ikiwa kweli imeandikwa picha ni yao, usigombane na mtu. Uliza tu kama jina lako litakaa chini yake kila watakapoichapa. Nyuma ya karatasi andika jina lako kamili, la babu, na Ngomeni, kwa penseli, kalamu ya wino itapenya. Na kabla haijatoka mikononi mwako ipigwe picha nyingine nje kwenye mwanga, si usiku chini ya balbu, na kaka yako asiwe karibu na kidole chake.

Lile daftari lako la michoro la darasa la sita, usiwalaumu panya tena. Ilikuwa masika, makaa yote yamelowa, na bibi yako alikuwa anataka uji. Nilidhani umemaliza nalo. Ndiyo maana nimekununulia jingine, limo kwenye mfuko pamoja na sabuni. Jalada lake si zuri kama lile.

Safarini picha isiwekwe kwenye buti ya basi. Paipu ilale mapajani mwako, hata ukisinzia. Bibi yako naye ana lake. Amesikia basi la Nairobi linapita Makueni, na hajasahau ile pete ya chuma ya kilo 500 iliyoanguka kutoka angani kijijini Mukuku Desemba iliyopita. Anataka ukae upande wa dirisha uwe unaangalia juu. Nimemwambia shirika la anga lilishaichukua. Akasema imeanguka moja tu unayoijua wewe. Kaa dirishani, haigharimu kitu.

Huku tu wazima. Jicho la bibi yako limeanza kutoa machozi tena, tutampeleka Malindi wiki ijayo. Mbuzi mweusi amezaa mapacha, mmoja ana doa jeupe kichwani na mama yako anasema ni wako, kwa hiyo usimkubali kaka yako akikuambia ni wake. Makuti ya upande wa jiko yanavuja palepale nilipotengeneza, na usiulize nani alitengeneza. Salio la karo nitalituma Ijumaa, nusu yake, mwambie karani wa fedha nusu nyingine ni kabla ya tarehe 10.

Na nakala ya fomu mwombe mwalimu aipige picha aitume kwenye simu ya mama yako. Kurasa zote mbili. Usiitume kwangu, kioo cha simu yangu kimepasuka na herufi ndogo hazionekani.

Ni mimi baba yako.