Barua ya Wazi kwa Msajili wa Baraza la Wauguzi la Kenya: Kazi ya Sera za Afya Vyuoni Ihesabiwe Kuwa Mazoezi ya Uuguzi

Mheshimiwa Msajili,

Ninafundisha uuguzi wa afya ya jamii hapa Nairobi. Ninakuandikia kuomba jambo moja: saa ambazo mwanafunzi hutumia kuchunguza, kuandika na kutetea sera ya afya katika chuo chake zitambuliwe kuwa mazoezi halali ya uuguzi, na ziingizwe katika daftari lake la mazoezi pamoja na saa za kliniki na za kutembelea kaya.

Mwanafunzi anapopelekwa mtaani hujifunza kuhoji kaya, kutambua matatizo ya afya ya wakazi na kutoa mafunzo ya afya. Hayo ni ya lazima, wala sipendekezi yapunguzwe. Hata hivyo mafunzo ya afya yana kikomo chake, na unyonyeshaji unatuonyesha kikomo hicho waziwazi. Utafiti wa kitaifa wa idadi ya watu na afya wa mwaka 2014 ulionyesha kwamba asilimia 61 ya watoto wa chini ya miezi sita walinyonyeshwa maziwa ya mama pekee. Ule wa mwaka 2022 ulionyesha asilimia 60. Ushauri kwa akina mama haukukoma katika miaka hiyo, lakini kiwango hakikupanda. Mwanafunzi mwenye mtoto wa miezi mitatu, anayekaa katika mihadhara tangu asubuhi hadi saa kumi jioni, hahitaji kuelezwa tena faida za maziwa yake. Anachokosa ni chumba chenye mlango unaofungwa, maji ya kunawa mikono na jokofu.

Darasa la uuguzi likikabidhiwa tatizo hilo, litalazimika kusoma Sheria ya Afya ya mwaka 2017, inayomtaka mwajiri atenge mahali pa kunyonyeshea kazini, na litagundua kwamba wajibu huo umewekwa kwa mwajiri, ilhali mwanafunzi hajaajiriwa na chuo. Hapo ndipo masomo yanapoanza kwa kweli. Akina mama wanafunzi ni wangapi, na watahesabiwaje bila kuaibishwa? Ni chumba kipi kinachokaa bure mchana? Mwenye mamlaka ya kukitoa ni mkuu wa wanafunzi, msimamizi wa majengo au seneti ya chuo? Jokofu litalipiwa kutoka fungu gani, na atakayepinga ana hoja ipi inayostahili kujibiwa kwa heshima? Muuguzi aliyewahi kujibu maswali haya akiwa mwanafunzi hatatetemeka siku atakapoketi mbele ya kamati ya afya ya kaunti.

Tumbaku nayo inafundisha jambo tofauti. Sheria ya mwaka 2007 inakataza uvutaji mahali pa umma na pia uuzaji wa sigara mojamoja, lakini sigara mojamoja hupatikana vibandani jijini. Hapa wanafunzi hawana haja ya kuandika kanuni mpya. Wanapaswa kuchunguza kwa nini iliyopo haitekelezwi, na nani hasa anayepaswa kuitekeleza langoni mwa chuo chao.

Najua pingamizi litakalotolewa: muuguzi ahukumiwe kwa usalama wa mgonjwa aliye mikononi mwake, na siasa za vyuo ziachiwe wengine. Sehemu ya kwanza naikubali kikamilifu. Ya pili siikubali, kwa sababu Mkataba wa Ottawa wa mwaka 1986, tamko la kimataifa kuhusu kukuza afya, uliweka ujenzi wa sera za umma zinazolinda afya miongoni mwa nyenzo tano za kukuza afya, na nyenzo hiyo haina budi kufundishwa kwa kutenda kama tunavyofundisha kudunga sindano.

Ugumu ninaouona mimi ni muda. Muhula huisha upesi kuliko maamuzi ya seneti, na mara nyingi darasa litaondoka kabla pendekezo lake halijajibiwa. Kwa hiyo naomba Baraza liandae mwongozo wa tathmini unaompa mwanafunzi alama kwa ubora wa ushahidi, usomaji wa sheria, mazungumzo na wahusika na waraka wa sera alioutetea, bila kumwadhibu kwa kuwa uongozi ulikataa, na unaolitaka kila darasa likabidhi majalada yake kwa linalofuata. Naomba pia vyuo vichache viruhusiwe kuanza katika mwaka ujao wa masomo, kisha Baraza lichapishe yatakayoonekana, mazuri na mabaya.

Wako mwaminifu,
Mhadhiri wa uuguzi wa afya ya jamii,
Nairobi