‘Uncanny’ lisitafsiriwe ‘ajabu’

Ndugu Mhariri,

Makala za roboti na za sura zinazoundwa kwa akili unde zimeongezeka magazetini, na pamoja nazo limeingia neno la Kiingereza ‘uncanny’. Watafsiri wengi hulimaliza kwa ‘ajabu’ au ‘-a kutisha’. Yote mawili hayafiki. Ajabu yaweza kufurahisha. Twasema maajabu ya Mungu, twasema mtoto ana akili za ajabu. ‘Uncanny’ haina furaha hiyo. Na anayetishwa na simba au moto anajua anachokiogopa, ilhali hapa malaika yanasimama mwilini na hatari yenyewe huioni.

Neno lilitoka Uskoti. Mzizi wake ni ‘cunnan’ ya Kiingereza cha kale, yaani kujua, kitenzi kilichozaa ‘can’ ya leo. Mskoti akimwita mtu ‘canny’ anamsifia busara na tahadhari. Kaskazini mashariki mwa Uingereza neno hilohilo ni mwema, wa kupendeza. Ukitia ‘un-’ ya kukanusha ungetarajia mjinga, lakini hupati mjinga. Hapo kale alikuwa mtu wa hila, asiyeaminika, na kufikia karne ya 18 neno likawa limeshagusa mambo ya mizimu na uchawi.

Uzito mwingine umetoka kwenye Kijerumani. Mwaka 1919 Sigmund Freud, daktari wa Austria aliyechunguza nafsi za watu, alichapisha insha yake Das Unheimliche, akaanza na kamusi. ‘Heim’ ni nyumbani. ‘Heimlich’ ni cha nyumbani, lakini pia ni cha siri, kilichofichwa, hata maana hiyo ya pili ikaja kukutana na kinyume cha neno lenyewe, ‘unheimlich’. Kwa Freud, kinachotusumbua namna hii ni cha kwetu, tulichokizoea, kilichofichwa kikarudi. Tafsiri ya Kiingereza ya 1925 ilichagua ‘uncanny’, na ile nyumba ikapotea njiani. Wafaransa mwaka 1933 hawakupata neno moja. Walitumia mawili, yenye maana ya ugeni unaotia wasiwasi. Sioni aibu yoyote Kiswahili kikifanya vivyo hivyo.

Kwenye roboti kosa linaumiza zaidi. Mwaka 1970 Masahiro Mori, profesa wa uhandisi Tokyo, alieleza kwamba kadiri mashine inavyofanana na mtu ndivyo tunavyoipenda, mpaka inapobakiza kidogo tu ifanane kabisa. Hapo mapenzi yanaporomoka, kisha yanapanda tena tukimfikia binadamu hai mwenye afya. Mporomoko huo ndio bonde, ambalo kwa Kiingereza huitwa ‘uncanny valley’. Mfano wake mmoja ni mkono wa bandia: kwa macho ni mkono, ukiushika ni wa baridi, hauna mifupa. Kitu kikitembea, bonde linazidi kina. Sasa ukiandika ‘bonde la ajabu’ msomaji anawaza mandhari ya watalii. ‘Bonde la wasiwasi’ lingembebea maana.

Lakini wasiwasi nao usipachikwe kila mahali. Kiingereza kikisema watu wawili wana mfanano ‘uncanny’, hakuna wa kuogopwa. Wamefanana kama shilingi kwa ya pili. Mwenye kipawa ‘uncanny’ cha kubashiri hubashiri kana kwamba ameoteshwa. Kwa nyumba ya hadithini ambayo milango hujifungua yenyewe tunalo neno zuri, mauzauza, ila hilo huelekea zaidi kwenye vitu vionekanavyo, kwa hiyo kwa sauti ya mashine inayoiga sauti ya mtu halitoshi.

Mtafsiri ajiulize kwanza kama kitu kinachosemwa ni cha kuzoeleka, halafu kama kuna kidogo ndani yake kisichokaa sawa. Vyote viwili vikiwapo, wasiwasi utajwe. Kimoja kikikosekana, mara nyingi mwandishi wa Kiingereza alikuwa anatia chumvi tu, na ‘mno’ inatosha.

Mtafsiri,
Morogoro