Meza zipo katikati ya mji, hata Uingereza

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nijibu hoja ambayo, kila mjadala wa wamachinga ukianza, haikosi mtu wa kuitoa: kwamba miji ya Ulaya inapendeza kwa sababu barabarani hakuna meza za biashara. Anayesema hivyo mara nyingi alifika London, akapiga picha darajani, akarudi. Mimi naishi Bury St Edmunds, mji wa gulio katika mkoa wa Suffolk, mashariki mwa Uingereza. Hapa meza zipo katikati kabisa ya mji, kila Jumatano na kila Jumamosi.

Fika Cornhill au Buttermarket asubuhi ya siku hizo. Wachuuzi wanashusha vyuma kutoka kwenye vani, wanaunganisha fremu, wanavuta turubai juu na kulikaza kwa kamba, maana upepo wa huku haubembelezeki. Muuza samaki anamwaga barafu. Pembeni yake kuna mikate, jibini, maua, soksi. Matunda mengi hayapimwi kwenye mizani. Yamepangwa kwenye mabakuli, unaonyesha bakuli unalolitaka, unafungua mfuko, anakumiminia. Ni mafungu yale yale ya Buguruni. Na anaita wateja kwa sauti ambayo mgambo wa kwetu angeshaitafutia kosa. Jioni haijaingia, kila kitu kimekunjwa na kupakiwa. Ukipita hapo Alhamisi hutajua kama palikuwa na soko.

Wenyeji hawaoni ajabu yoyote, kwa sababu soko ni la zamani kuliko karibu kila kitu kinacholizunguka. Mji huu ulikua ukitegemea abasia ya Wabenedikto, watawa wa shirika lile lile tunalolijua Peramiho na Ndanda, iliyotunza kaburi la Mtakatifu Edmund, mfalme aliyeuawa na Wadenmark mwaka 869. Katika karne ya 11 abate Baldwin alipanga mitaa iliyonyooka ambayo hadi leo ndiyo tunayopita, Abbeygate Street, Churchgate Street na mingineyo, na uwanja wa soko akautengea nafasi yake ndani ya mpango huo. Mipango miji, basi, ilianza na gulio. Ushuru ulikuwa wa watawa, na wenye mji hawakuupenda. Mwaka 1327 walivamia abasia na kulibomoa lango lake; lango unaloliona leo Angel Hill lilijengwa baada ya vurugu hizo. Sisemi hayo kumchochea mtu. Nasema tu ugomvi wa mchuuzi na mkusanya ushuru haukuanzia Kariakoo.

Kuna jambo jingine ambalo maofisa wetu wa ardhi wangelitazama. Sehemu ya majengo yaliyoko kati ya Cornhill na Buttermarket imesimama pale pale palipokuwa uwanja wa soko: meza ziligeuka vibanda, vibanda vikageuka nyumba. Leo ndizo anwani zinazotafutwa. Humo humo, mtaa wa The Traverse, kuna baa iitwayo The Nutshell, mojawapo ya baa ndogo kabisa Uingereza, yenye chumba kisichofika mita 5 kwa urefu na upana wa mita 2 na kidogo. Mwaka 1984 walijibana humo watu 102 ili waweke rekodi. Hakuna anayesema biashara ya ukubwa huo inachafua mandhari. Watalii wanapanga foleni kuipiga picha. Hatua chache kutoka hapo, likitazama soko, kuna Moyse's Hall, jengo la mawe la karne ya 12 ambalo sasa ni makumbusho. Siku ya gulio hulioni vizuri kwa sababu ya maturubai, na sijasikia mtu akilalamika.

Nisipambe kupita kiasi. Mnada wa mifugo haupo tena. Mahali pake, mwaka 2009, yalifunguliwa maduka ya kisasa yaitwayo arc. Angel Hill, uwanja mzuri kuliko yote mjini, siku nyingi umejaa magari yaliyoegeshwa. Na najua hoja itakayokuja: mji huu ni mdogo, mitaa ya Dar es Salaam ina watu wengi kuliko Suffolk nzima. Ni kweli, na ndiyo maana sisemi tuuige ulivyo. Ninachotaka kionekane ni utaratibu. Mchuuzi ana nafasi inayojulikana na anailipia halmashauri. Siku zake zinajulikana, saa ya kufunga inajulikana, na mwenye duka la kudumu naye anajua kwamba siku mbili za juma kutakuwa na turubai mbele ya kioo chake. Wateja wa turubai huingia dukani pia.

Kwetu, mwaka 2021, wamachinga waliondolewa kando ya barabara za katikati ya miji na kupangiwa maeneo mengine, mengi yakiwa mbali na miguu ya wateja. Wengi wamesharudi kimyakimya, wanauza huku jicho moja likimtafuta mgambo. Kwa nini halmashauri moja tu isijaribu kufunga mtaa mmoja, siku mbili kwa wiki, meza zikahesabiwa, ushuru ukatajwa wazi, na saa 11 jioni mtaa ukafagiwa?

Na wale wanaotumwa kwenye ziara za mafunzo Ulaya, wasiishie London. Kutoka Cambridge kuna treni inayofika Bury, na toka stesheni hadi sokoni wanatembea kwa miguu. Waje Jumatano au Jumamosi, asubuhi. Jumanne watakuta mitaa mitupu, warudi kutuambia Ulaya hakuna meza barabarani.

Msomaji wako,
Bury St Edmunds, Uingereza