Kuhusu ile nafasi ya mifupa

Kwako Rehema,

Salamu nyingi sana. Sisi huku tu wazima, Baraka anakusalimu, na mdogo wake kashafika salama.

Nakuandikia mbiombio. Ile nafasi imepatikana! Daktari mmoja wa mwaka wa pili kaacha residensi (mafunzo ya ubingwa hospitalini) ya mifupa, na mkurugenzi wao ananitaka mimi. Nimefurahi mno, lakini furaha haikudumu, maana nilipofungua masharti nikakutana na hesabu ya intanishipu, yaani mwaka wa kwanza wa mafunzo.

Unayajua kuliko mimi. Bodi ya upasuaji wa mifupa ya Marekani (ABOS) inataka miezi 60, na ile 12 ya mwanzo igawanywe: 6 ya mifupa, 6 ya nje ya mifupa. Ya nje ninayo tele: majeruhi, mishipa ya damu, wagonjwa mahututi, ambako sasa natambua mlio wa kila mashine hata nikiwa koridoni. Ya mifupa ninao mwezi mmoja tu, kwa sababu nimo upasuaji wa jumla. Nikiingia moja kwa moja mwaka wa pili, hiyo mitano iliyobaki itafidiwa lini? Mratibu wao kanijibu kwenye simu, “Tutapanga.” Mimi nataka kuiona imeandikwa, mwezi kwa mwezi. Siku ya mwisho mkurugenzi ndiye atakayethibitisha kwamba nimetimiza kila kitu, na kukiwa na pengo, mtihani wa bodi nitausikia kwa wenzangu. Ya Daudi, aliyekwama hivyo hivyo, unayakumbuka.

Halafu kuna karatasi. Programu yangu lazima iwapelekee uthibitisho wa rotesheni zote (zamu zangu za mafunzo katika kila idara) pamoja na tathmini yangu. Nimeshaomba, nasubiri.

Kurudia mwaka siogopi, Rehema. Wakisema nianze upya nitaanza, nifunge plasta na kurudisha mifupa mahali pake hadi mikono izoee. Afadhali hivyo kuliko kuitwa usiku kwa mgonjwa wa nyonga kama mtu wa mwaka wa pili, na mikono bado ni ya mgeni. Lakini nijue sasa, kabla sijaaga hapa. Baraka naye itabidi ahamishe kazi yake, na watoto shule…

Basi nisaidie. Wewe ulipohama, mwezi wa majeruhi walikuhesabia upande gani? Ratiba ya kufidia ulipewa kabla ya kusaini mkataba au baadaye? Bodi uliiandikia mwenyewe, au mkurugenzi ndiye aliyeandika? Yale mafunzo ya stadi za mikono ya mwaka wa kwanza ulirudia yote? Unaweza kunitumia ile ratiba yako nionyeshe hawa watu? Wanataka jibu langu Ijumaa.

Na goti la mama linaendeleaje, ameanza kupanda ngazi?

Wako,
Tumaini