Mheshimiwa Mkurugenzi, kishushe kile kipima hewa

Barua ya wazi kwa Mkurugenzi wa Jiji

Mheshimiwa, kwa heshima na taadhima nakusalimu, na pole na majukumu.

Nimenyamaza muda mrefu nikidhani ahadi zako ziko njiani, na huko njiani foleni naijua. Jumatatu jioni uvumilivu umenishinda. Dereva mwenzangu alisimamisha basi abiria wakiwa ndani, akashuka ameshika kifua, akakaa ukingoni mwa barabara akitafuta pumzi. Walio nyuma wakampigia honi. Lori lililokuwa mbele yake likaendelea kufuka kama tanuri la mkaa. Sisemi ni moshi ule uliomwangusha, mimi si daktari. Ila sigara havuti, na ni miaka 14 sasa anakaa nyuma ya ekzosi za watu.

Mimi mwenyewe nikipenga kamasi usiku, leso inatoka nyeusi. Mke wangu alishaacha kuuliza. Nikifunga vioo, basi halina kiyoyozi, abiria wanapiga kelele. Nikifungua, masizi yote ni yangu. Sababu? Nadhani ni nozeli mbovu, zile zinazopuliza mafuta kwenye injini, wengine wanasema mafuta yamechakachuliwa. Wenye wataalamu ni ninyi.

Kwamba moshi wa dizeli unaleta saratani, na kwamba wataalamu wa Shirika la Afya Duniani walilithibitisha hilo mwaka 2012, sikuokota kijiweni. Lilikuwa kwenye karatasi uliyotugawia wewe, siku ile ya mkutano na madereva. Ninayo bado. Imekunjwa kunjwa lakini inasomeka.

Siku hiyo hiyo ulituonyesha kipima hewa kipya, tukapiga makofi. Kikaenda kufungwa juu ya paa la ofisi yako, ghorofa ya nne, upande wa bustani. Kila asubuhi kinatangaza kwamba hewa ni nzuri. Nakiamini kabisa, maana huko juu hapiti basi hata moja.

Ulisema tutapimwa mapafu. Ulisema magari yanayofuka yataondolewa barabarani. Haya, nitaendelea kuyasubiri, nimeshazoea. Leo naomba moja tu: kishushe kile kifaa. Kikae kwenye dashibodi yangu zamu moja, kuanzia saa 12 asubuhi hadi nitakapokabidhi basi. Kiti cha pembeni kiko wazi ukitaka kuja nacho, nauli sikudai. Usipopata nafasi, kitume peke yake.

Kishushe tu, Mheshimiwa.

Wako mtiifu,
Dereva wa basi, zamu ya asubuhi